Mabao ya Dakika za Mwisho: Kisa cha Timu ya Chuo Iliyoshuka Daraja kwa Alama Moja

Kisa hiki kinahusu timu ya kandanda ya wanaume ya chuo kimoja jijini Nairobi. Msimu huo mimi nilikuwa meneja wa timu. Nimeondoa jina la chuo, la ligi, mwaka wenyewe na majina ya wahusika wote. Hesabu za mechi nimezitoa kwenye kaunta buku la timu, lile jekundu ambalo nahodha alikuwa akiandikia mahudhurio, vikosi na dakika za mabao. Ninawaandikia makocha, mameneja na walezi wa timu za vyuo, kwa sababu kosa tulilofanya ni rahisi sana kulirudia, na wanaoumia ni vijana ambao hawatakuja kulalamika.

Usuli

Ligi yetu ilikuwa ya daraja la chini, timu 12, kila timu mechi 22 za nyumbani na ugenini. Timu mbili za mkiani hushuka. Wapinzani wetu wengi walikuwa timu za mitaa ya Eastlands, Kibra na Kawangware: mafundi, makanga, walinzi wa usiku, watu wazima waliocheza pamoja miaka mitano au sita kwenye uwanja wa changarawe ambao wanajua kila shimo lake. Timu ya chuo haina bahati hiyo, maana kila mwaka kuna wanaohitimu. Msimu uliotangulia tulimaliza katika nafasi ya 5, kisha tukaagana na wachezaji 9, miongoni mwao kipa na mabeki wote wawili wa kati.

Kocha alikuwa na leseni ya CAF ya daraja D na alikuwa katika mwaka wake wa nne nasi. Ni mtu wa bidii, anafika uwanjani kabla ya wachezaji na haondoki mpaka mpira wa mwisho uingie gunia. Nalisema mapema kwa sababu atakayesoma kisa hiki atashawishika kumtwika yeye mzigo wote, na haitakuwa haki.

Kabla ya msimu kuanza, fedha za michezo zilipunguzwa. Gharama kubwa zilikuwa nne: basi la mechi za ugenini, malipo ya waamuzi, vifaa, na chakula cha mchana siku ya mechi. Chakula kilikuwa shilingi 150 kwa mchezaji, wachezaji 18, yaani shilingi 2,700 kila mechi. Tuliketi watu watatu: kocha, mlezi wa timu na mimi. Basi hatukuligusa, kwa kuwa timu isipofika uwanjani mpinzani hupewa alama tatu za bure na sisi tunatozwa faini. Waamuzi nao hawaguswi, bila wao hakuna mechi. Kipa mpya hakuwa na glavu. Kikabaki chakula, ambacho kwenye hati ya bajeti kilikuwa kimeandikwa chini ya kichwa cha "posho na marupurupu". Nikiitazama hati ile leo, naona jinsi kichwa hicho kilivyoturahisishia kazi: nani atatetea marupurupu wakati jezi zimepasuka kwapani? Tulikikata kwa muda usiozidi robo saa, na sahihi iliyo chini ya ukurasa ni yangu. Hakuna kati yetu aliyeuliza vijana hawa hula nini Jumamosi.

Mechi 12 za kwanza

Tulianza kwa kufungwa mechi tatu mfululizo, na hakuna aliyeshtuka sana. Kikosi kilikuwa kipya.

Mechi ya nne ndiyo iliyotutia hofu. Tulikuwa ugenini, Eastlands, tukiongoza 1-0 hadi dakika ya 74, na tulikuwa tukicheza vizuri kuliko wao. Ikapigwa kona. Kiungo wetu mkabaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye tangu mwanzo alikuwa roho ya timu, alikuwa amesimama ukingoni mwa eneo la hatari na mtu wake. Mtu wake alipoanza kukimbia, yeye alipiga hatua mbili, akashika magoti. Bao. Dakika ya 81 mpira ulipotea katikati na hakurudi nyuma kabisa, alitembea. Bao la pili. La tatu liliingia dakika ya 90. Kwenye kaunta buku kando ya jina lake kuna neno moja, kwa mwandiko wa kocha: "Mvivu."

Kuanzia hapo mechi zilianza kufanana. Kipindi cha kwanza tunakimbizana nao, cha pili tunaanza kurudi nyuma, na ikipita dakika ya 70 miguu inakufa. Katika mechi 12 za kwanza hatukushinda hata moja: sare 2, vichapo 10, alama 2. Tulifungwa mabao 29, na 19 kati yake yaliingia baada ya dakika ya 70. Kwenye mechi 7 kati ya hizo 12, dakika ya 70 ilitukuta tukiwa sare au tukiongoza. Mechi hizo 7 zilituletea alama 2 tu.

Ni kweli kwamba mabao huwa mengi zaidi mechi inapokaribia kwisha, popote duniani. Watu wamechoka, anayefungwa anashambulia kwa nguvu zote. Lakini dakika 20 za mwisho hazifiki robo ya mechi, na sisi zilikuwa zikitupa thuluthi mbili za mabao tuliyofungwa.

Tulivyoamua, na kwa nini

Maelezo ya kwanza yaliyotajwa kwenye kikao yalikuwa hewa. Nairobi iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na tulikuwa na wachezaji wapya wawili kutoka Mombasa. Maelezo hayo yalikufa haraka, kwa sababu waliokuwa wakichoka zaidi walikuwa vijana waliokulia Kayole na Rongai.

Maelezo ya pili yalikaa. Kocha alisema: hawana pumzi. Na kwa kweli ukitazama mchezaji ameshika magoti dakika ya 75, ni nani asingesema hivyo? Kwa hiyo baada ya mechi ya nne aliongeza mbio. Jumanne na Alhamisi jioni, mizunguko 10 ya uwanja kabla ya kugusa mpira. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, mbio za kupanda kilima kilicho nyuma ya hosteli. Niliunga mkono, nami nikawa naamka kwenda kuwahesabu pale kilimani kwenye ukungu.

Mahudhurio ya Jumanne yalikuwa wachezaji 24 mwanzoni mwa msimu. Kufikia mechi ya 10 yalikuwa 15. Kati ya mechi ya 6 na ya 11, wachezaji watatu waliumia msuli wa nyuma ya paja.

Uamuzi mwingine ulikuwa wa kubadilisha kikosi kila tunapofungwa. Nia ilikuwa kuwaonyesha wachezaji kwamba hakuna aliye na namba ya kudumu. Katika mechi 12 tulitumia jozi 8 tofauti za mabeki wa kati na makipa 3. Beki wa kati hujifunza mwenzake kama mtu anavyojifunza jirani wa ukuta mmoja: anajua lini atatoka, lini atabaki, sauti yake ikipanda inamaanisha nini. Sisi kila Jumamosi tulikuwa tukihamisha wapangaji.

Uamuzi wa tatu ndio unaoniuma. Baada ya mechi ya nane, yule kiungo wa mwaka wa pili aliwekwa nje ya kikosi kwa kukosa nidhamu ya kujituma. Alipoitwa kwenye kikao aliulizwa kama ana la kusema. Akasema, "Hapana, kocha. Nitajitahidi." Hakujitetea. Tulichukulia ukimya wake kuwa ni kukiri. Alikaa nje mechi mbili, kisha akaacha kuja mazoezini, na tukaandika kwamba ameasi.

Orodha ndani ya basi

Mechi ya 9 hadi ya 12 ziliangukia mwezi wa Ramadhani. Tulikuwa na wachezaji watatu waliofunga. Walikwenda kwa kocha wenyewe kabla mwezi haujaandama, wakamweleza wanavyokula daku na wangependa kucheza vipi. Kocha aliwasikiliza, wakakubaliana kwamba kila mmoja atacheza kipindi kimoja tu, na mazoezi yao yatasogezwa karibu na futari. Ligi iliruhusu kubadilisha wachezaji watano, kwa hiyo mpango uliwezekana.

Siku ya mechi ya 12, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akijitolea kama mtu wetu wa huduma ya kwanza alipanda basi akiwa na kaunta buku. Alitaka kuhakikisha tu nani amefunga ili ajue maji atampa nani na nani amwachie. Alipita kiti kwa kiti. Alipomfikia winga wetu wa kulia akamuuliza kama amefunga.

"La, dada, mimi sifungi."

"Basi umekula nini leo?"

"Niko sawa."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Nimekuuliza umekula nini."

Kijana akacheka kidogo, akatazama dirishani. "Nilikunywa chai ya rangi."

Akarudi mwanzo wa basi, akaanza upya na swali hilo moja. Ilikuwa saa saba kasoro, na mechi ilikuwa saa tisa. Orodha yake ninayo mpaka leo, ukurasa wa nyuma kabisa, kwa kalamu ya kijani. Wachezaji 18: watatu wamefunga. Tisa hawajaweka kitu tumboni tangu usiku, au wamekunywa chai ya rangi peke yake. Wanne wamekula mandazi. Wawili wamekula chakula. Kati ya wale tisa, wanne walisema mlo wao wa mwisho ulikuwa Ijumaa mchana, kwenye bwalo la chuo.

Sababu zilikuwa za kawaida, na ndiyo maana hazikuwahi kutajwa. Bwalo la chuo Jumamosi lilifunguliwa saa sita, wakati ambao basi lilikuwa likiondoka. Mkopo wa masomo wa muhula ule ulikuwa haujaingia. Anayeishi nje ya chuo alikuwa akihesabu nauli, na mvua ikinyesha Nairobi nauli ya matatu hupanda mara mbili kabla hujafungua mwavuli. Wawili walikuwa wakibeba mizigo sokoni Jumamosi alfajiri kabla ya kuja mechi, ili wapate ya kodi. Msimu uliopita chakula cha shilingi 150 kilikuwa ndicho mlo wao mkubwa wa siku. Tulipokiondoa hawakusema neno. Kijana wa miaka ishirini hatasimama mbele ya wenzake 17 aseme ana njaa.

Tulifungwa 3-1 siku hiyo. Mabao mawili yaliingia baada ya dakika ya 70. Wale watatu waliofunga saumu walicheza kipindi kimoja kimoja kama ilivyopangwa, na hakuna hata mmoja aliyebanwa na misuli.

Mechi 10 za mwisho

Jumatatu yake tuliketi tena, safari hii na nahodha na yule dada wa uuguzi. Kocha aliisoma orodha mara mbili. Kisha akafungua kurasa za katikati za kaunta buku, akatuonyesha matokeo ya kipimo cha Cooper, kile cha kukimbia dakika 12, ambacho alikuwa amekifanya Jumanne moja jioni mwezi wa pili wa msimu. Kati ya wachezaji 21, yule kiungo aliyemwita mvivu alikuwa wa pili. Kocha hakusema kitu kwa muda. Jumanne jioni kijana huyo alikuwa amekula bwaloni saa saba.

Mbio za Ijumaa zilifutwa. Mizunguko 10 ikawa dakika 20 za kujiandaa kwa mazoezi ya FIFA 11+, ambayo yalibuniwa kupunguza majeraha kama yale ya mapaja yaliyokuwa yakituandama. Na tukatafuta chakula.

Hatukukipata sawa mara moja. Mechi ya 13 tuliagiza githeri kwenye kibanda kilicho nje ya lango, ikaletwa saa saba kwa mechi ya saa tisa. Vijana walikula kwa furaha, kisha wakaingia uwanjani na matumbo mazito. Mmoja alitapika wakati wa mapumziko. Yule mama wa kibanda ndiye aliyeturekebisha, maana aliwalea wanawe wawili waliokuwa wakikimbia mbio za shule. Alisema maharagwe si chakula cha mtu anayekwenda kukimbia, tumletee watu mapema, awape uji na viazi.

Ikawa hivyo: saa tano asubuhi kwa mechi ya saa tisa, saa tatu kwa mechi ya saa saba. Kikombe kikubwa cha uji wa wimbi wenye sukari, viazi vitamu viwili vya kuchemsha, ndizi moja. Aliketi mlangoni na sufuria mbili, na wachezaji waliketi kwenye benchi lake kwa zamu kwa sababu lilitosha watu sita. Gharama ilikuwa shilingi 70 kwa kila mmoja, shilingi 1,260 kwa mechi. Wahitimu wetu 9, wale wale walioondoka mwaka uliotangulia, walichanga shilingi 1,400 kila mtu, na fedha zikaenda kwa M-Pesa moja kwa moja kwa mama wa kibanda bila kupitia kwangu wala kwa mlezi. Hilo lilikuwa pendekezo langu, na nalishauri kwa kila timu: fedha za chakula zisipite mikononi mwa watu ambao siku moja wataona kuna jambo la dharura zaidi.

Jambo la pili lililobadilika ni mabeki wa kati. Kocha alichagua wawili, akawaambia watacheza pamoja mpaka mwisho, washinde au wafungwe. Walicheza mechi 8 kati ya 10. Mbili walizokosa zilikuwa za wakati wa mitihani.

Matokeo

Katika mechi 10 za mwisho tulishinda 3, sare 3, tukafungwa 4: alama 12. Tulifungwa mabao 12, na 4 yaliingia baada ya dakika ya 70.

Mechi ya 17 na ya 18 ziliangukia mitihani, tukaenda na wachezaji 13, tukafungwa zote mbili. Mvua za masika zilijaza uwanja wetu wa nyumbani maji na mechi moja ikasogezwa hadi Jumatano.

Tuliingia mechi ya 22 tukiwa na alama 13. Timu ya nafasi ya 10 ilikuwa na 15, na tulijua kwamba wakifungwa, ushindi utatuokoa. Walifungwa. Sisi tulitoka sare ya 1-1. Tulifungwa dakika ya 12 kwa frikiki, na tukasawazisha dakika ya 88. Dakika tano za majeruhi tulizicheza zote ndani ya nusu yao. Beki wa kulia alipanda na kushuka upande wake mara nne katika dakika hizo tano, na mimi nikiwa kwenye benchi nilimhesabia kila mara. Mpira haukuingia. Tulimaliza wa 11, alama 14, tukashuka daraja kwa alama moja.

Uchambuzi

Tulikuwa na dalili moja, mabao ya mwisho, na maelezo mawili ambayo kwa macho yanafanana kabisa. Mchezaji asiye na pumzi na mchezaji mwenye njaa wote hushika magoti dakika ya 75. Ini huhifadhi wanga wa kutumika mwilini kati ya mlo mmoja na mwingine, na usiku mmoja wa usingizi hupunguza akiba hiyo kwa kiasi kikubwa. Misuli ina akiba yake, na mechi ya dakika 90 huila kwa kasi. Wachezaji wa kiungo wa ngazi za juu hukimbia takribani kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja. Mchezaji anayeanza mechi bila kujaza akiba hizo huwa yuko sawa mwanzoni. Anadanganya macho ya kocha kwa saa nzima.

Kilichoweza kututenganishia mambo haya mawili kilikuwa mbele yetu. Timu isiyo na pumzi huchoka Jumanne kama inavyochoka Jumamosi. Yetu ilikuwa ikimaliza mazoezi ya Jumanne, baada ya chakula cha bwaloni, kwa kupiga kelele na kuomba mchezo uendelee. Ni Jumamosi tu iliyowaua. Kaunta buku lilikuwa na mbio za Jumanne ukurasa mmoja na mabao ya Jumamosi ukurasa mwingine, na kwa mechi 12 hakuna aliyezifungua kurasa hizo mbili kwa pamoja. Ningependa kocha yeyote anayeona timu yake ikizimika mwishoni afanye hilo kabla ya kufanya jingine lolote.

Kwa kukosea tafsiri, tiba yetu ilikuza ugonjwa. Mbio za kilimani Ijumaa alfajiri zilitumia akiba ambayo Jumamosi hakukuwa na chakula cha kuirudisha. Mahudhurio yaliposhuka tukasema ndiyo hiyo nidhamu mbovu, tukakaza zaidi. Siwezi kudai kwamba majeraha yale matatu ya mapaja yalitokana na mbio hizo peke yake. Najua tu kwamba yalianza baada yake na kwamba kutoka mechi ya 13 hatukupata jeraha jingine la aina hiyo.

Wale watatu waliofunga Ramadhani wamenifundisha zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Wao ndio waliokuwa na sababu ya kuzimika, na hawakuzimika. Walikuwa wameamka kula daku, wali na maharagwe na uji mzito, na kocha alikuwa na habari. Njaa iliyojulikana ilipangiwa dakika, mazoezi na maji. Njaa iliyofichwa ilipewa jina la uvivu. Tofauti kati ya makundi haya mawili ilikuwa mazungumzo ya dakika kumi kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu kukata chakula, bado nasema basi na waamuzi vilistahili kulindwa kwanza. Kosa lilikuwa kuchagua kati ya shilingi 2,700 na sifuri, wakati jibu la shilingi 1,260 lilikuwa nje ya lango letu. Na chakula kile cha zamani chenyewe hakikuwa kizuri kimchezo. Chapati na maharagwe saa saba, kama ile githeri, hukaa tumboni. Ushauri wa lishe kwa wanakandanda ni gramu 1 hadi 3 za wanga kwa kila kilo ya uzito, saa 3 hadi 4 kabla ya mechi. Kiazi kitamu cha kuchemsha kina takribani gramu 20 za wanga kwa kila gramu 100. Mtu wa kilo 65 akila viazi viwili vya wastani na kikombe cha uji na ndizi, ameingia ndani ya kiwango hicho kwa shilingi 70.

Lazima niseme pia yale ambayo hesabu zetu haziwezi kubeba. Mechi 10 za mwisho zilikuwa na 6 za nyumbani, wakati 12 za kwanza zilikuwa na 5 tu. Mabeki wa kati walitulia wakati ule ule chakula kilipoanza, na kipa wa kwanza akapata mechi mfululizo. Baadhi ya wapinzani wa katikati ya jedwali hawakuwa na cha kupigania mwezi wa mwisho. Kwa hiyo sisemi uji ulituletea alama 12. Kama ningelazimishwa kugawa sifa, ningeipa jozi ile ya mabeki sehemu kubwa ya kupungua kwa mabao kwa jumla, na chakula sehemu kubwa ya kupungua kwa yale ya baada ya dakika ya 70, kutoka 19 kati ya 29 hadi 4 kati ya 12.

Mitihani hatukuitatua. Mechi mbili na wachezaji 13 ni jambo ambalo lingeweza kuonekana tangu ratiba ilipotoka. Chuo huchapisha kalenda ya muhula mapema. Barua moja kwa waandalizi wa ligi kuomba tarehe zisogezwe ilikuwa kazi yangu, na niliiandika wiki moja kabla ya mechi, ikiwa imechelewa. Kwa timu iliyoshuka kwa alama moja, barua hiyo ina uzito sawa na viazi.

Yaliyofuata

Msimu uliofuata, katika daraja la chini zaidi, kifungu cha chakula kilihamishwa kwenye bajeti. Hakiko tena chini ya marupurupu. Kiko chini ya usafiri, mstari mmoja na basi, na anayetaka kukikata anapaswa kukata basi pia. Kila Jumamosi anayeshika kaunta buku huuliza swali la yule dada, kiti kwa kiti, kwa sauti ya chini, na majibu hayasomwi mbele ya watu.

Kocha alikwenda kumtafuta yule kiungo wa mwaka wa pili. Alikwenda peke yake, jioni, na jezi yake namba 6 ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Kijana alikuwa amehamia chumba cha watu wanne karibu na barabara kuu na alikuwa amepata kazi ya jioni kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kocha alimwomba radhi kwa neno alilomwandikia na kwa kikao kile. Kijana alimkaribisha chai, akamshukuru kwa kuja, wakazungumza kuhusu timu kwa muda mrefu. Jezi hakuipokea. Alisema siku hizi Jumamosi anafanya kazi.